Shabiki wa Mwanza na pande zake

Wageni wanaofika Mwanza kwa kazi za redio, matangazo na matamasha wana swali lao ambalo nimelisikia mara nyingi: watu wa huku ni wa muziki gani? Anayeuliza huwa anataka jibu la haraka. Angependa aambiwe kwamba vijana ni wa Bongo Fleva, wazee ni wa dansi, akina mama ni wa taarabu na injili, na watu wa vijijini ni wa ngoma za Kisukuma, ili apange ratiba yake na kurudi hotelini. Mimi nimezaliwa Igogo, nimekulia katika nyumba ambayo redio haikuzimwa ila umeme ulipokatika, na sijapata kumwona mtu anayeenea katika mpangilio huo. Ninaowafahamu ni watu wanaoimba kwaya Jumapili asubuhi, na alasiri ya Jumapili hiyohiyo wakabishana juu ya Franco, yule mwanamuziki wa Kongo, mpaka bia zikapata joto mezani. Tena ukiwasikiliza vizuri utagundua kwamba hawabishani kama dansi ni bora kuliko taarabu, wala kama singeli ni muziki au ni kelele. Mabishano hayo wamewaachia waandishi wa magazeti. Wao hubishana ndani ya dansi, ndani ya taarabu, ndani ya ngoma. Shabiki wa kwetu hachagui aina ya muziki. Huchagua upande, na huwa na upande katika kila aina.

Asiyeamini na aende Bujora mwezi wa Juni. Bujora iko Kisesa, kando ya barabara ya kwenda Musoma, mwendo wa daladala tu kutoka mjini, na ndipo yalipo Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyeupenda utamaduni wa Kisukuma kiasi cha kuiingiza ngoma katika ibada. Kila mwaka, karibu na sikukuu ya Ekaristi, hufanyika hapo sherehe za Bulabo, na kiini chake kwa sisi mashabiki ni mashindano ya Bagika na Bagalu. Hivi ni vyama viwili vya ngoma vilivyogawana Usukuma tangu karne ya 19. Husimuliwa kwamba vilitokana na waganga wawili mashuhuri, Ngika na Gumha, ambao wafuasi wao walitaka kujua ni nani mwenye dawa yenye nguvu zaidi, na njia waliyoiona kuwa ya haki ikawa ni kucheza ngoma na kutazama watu watakwenda kwa nani.

Utaratibu huo ndio unaonivutia kuliko jambo jingine lolote katika muziki wa nchi hii. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, katika uwanja mmoja, kila kimoja mahali pake, na sifa humwendea aliyevuta watu wengi zaidi. Anayehukumu ni mtazamaji, na hukumu yake ni pale alipokwenda kusimama. Unaweza kuliona kundi likiwa limegawanyika nusu kwa nusu, kisha vigelegele vikasikika kutoka upande mmoja, labda kwa sababu mchezaji ametoa chatu kikapuni na kujivika shingoni, na hapo watoto hutangulia kukimbia, akina mama wakashika vitenge vyao wakawafuata, vumbi likatimka, na upande wa pili ukabaki na wapiga ngoma, jamaa zao na wazee ambao magoti yao hayakubali mbio. Nimewahi kumtazama kiongozi wa kikundi kilichokimbiwa namna hiyo. Hakuonyesha kukasirika. Alisimamisha ngoma, akawainamia wapigaji na kuwanong'oneza, wakaanza mdundo wa bugobogobo, na vijana wake wakaanza kuyarusha majembe juu na kuyadaka kwa mpigo mmoja. Kabla hawajamaliza mzunguko wa pili, wale watoto walikuwa wameshaanza kurudi.

Babu yangu mzaa mama alikuwa wa Bagalu kwa kuzaliwa, na hakuna aliyethubutu kumwambia vinginevyo. Lakini ngoma ya Bagika ilipokolea alikuwa akiondoka kimyakimya na kwenda kusimama kwao, na alipoulizwa alieleza kwamba amekwenda kuwapeleleza.

Dansi lilipokuja, kwa hiyo, halikukuta watu wasiojua kushindanisha. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya jumuiya ya wafanyakazi, nayo ikabadili jina kadiri jumuiya ilivyobadili jina, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Mlimani Park ilianzishwa mwaka 1978, na mtindo wake wa Sikinde ukapendwa hadi watu wakausahau mlima na kuibatiza bendi nzima jina la mtindo. Zote mbili ni bendi za Dar es Salaam, mwisho wa Reli ya Kati, lakini utani wao wa jadi ulitufikia kupitia Radio Tanzania na hapa ukapata wenyewe. Baba yangu mdogo, aliyekuwa fundi cherehani maeneo ya Mlango Mmoja, alikuwa Msondo. Fundi mwenzake wa kibaraza hichohicho alikuwa Sikinde, na redio iliyokuwa kati yao ilikuwa moja. Wimbo wa Sikinde ulipoanza, baba mdogo alikanyaga cherehani kwa kasi zaidi ili mlio wake uufunike. Wimbo wa Msondo ulipoanza, mwenzake alikumbuka ghafla kwamba pasi yake inahitaji mkaa, akatoka nje kuipepea. Hata hivyo, wote wawili walijua tarumbeta zinaingia wapi katika nyimbo za upande wa pili, walijua ni beti gani aliimba nani na nani alimwitikia, kwa sababu huwezi kumshinda mtu kwa hoja juu ya wimbo usioujua. Nadhani hapo ndipo wengi wanaoulaumu ushabiki wa pande wanapokosea. Mtu asiye na upande huusikia wimbo ukipita. Mwenye upande huusikiliza akitafuta kasoro, na katika kutafuta kasoro anajifunza gita la solo linafanya nini wakati mwimbaji anavuta pumzi.

Tatizo kubwa la mafundi hao wawili lilikuwa Muhidin Gurumo. Gurumo alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza wa NUTA, kisha akawa miongoni mwa waanzilishi wa Mlimani Park, akapita Orchestra Safari Sound, na mwishowe akarudi Msondo alikoimba hadi alipostaafu mwaka 2013, na mwaka uliofuata akafariki dunia. Hassan Bichuka naye aliwahi kuivuka mipaka hiyo. Sasa shabiki afanye nini? Amfuate mwimbaji, au abaki na bendi? Baba mdogo alikuwa na jibu ambalo sijapata kulisikia kwa mwanasheria yeyote: Gurumo alikuwa wa Msondo siku zote, ila kuna miaka alikuwa safarini. Mwenzake alijibu kwamba msingi wa nyumba ni wa aliyeuchimba, na msingi wa Sikinde ulichimbwa na Gurumo, popote alipolala baadaye. Mimi mwenyewe, kama msomaji anataka kujua, ni Sikinde, kwa sababu ya magita na kwa sababu ya namna Michael Enoch alivyoupanga muziki wa bendi ile, na baba mdogo alilijua jambo hilo na hakulifurahia.

Kinshasa nayo ilitupatia pande zake. Kulikuwa na Franco na TPOK Jazz, kulikuwa na Tabu Ley na Afrisa, na ingawa mwaka 1983 mabwana hao wawili waliingia studio pamoja, yupo mzee mmoja wa Kirumba anayesema mpaka leo kwamba tendo lile lilimfanya akose mahali pa kukaa baa. Franco alifariki mwaka 1989 na Tabu Ley mwaka 2013; ubishi wao unaendelea. Kizazi changu kilipata zamu yake Wenge Musica ilipopasuka mwaka 1997, JB Mpiana akawa na Wenge BCBG na Werrason akaunda Maison Mère, na sisi tuliokuwa hatujui Kilingala zaidi ya maneno ya mapenzi tukagawanyika kama warithi wa shamba.

Ushahidi mzuri kuliko hotuba hizi zote unapatikana kwa vijana wanaorusha nyimbo. Yupo mmoja jirani na stendi ya Buzuruga, mwenye kompyuta ya zamani iliyofunikwa kitambaa dhidi ya vumbi, spika mbili, na kipande cha boksi kilichoandikwa kwa kalamu nzito kwamba anarusha nyimbo, muvi na katuni kwenye flashi na memori kadi. Ndani ya kompyuta yake nyimbo zimepangwa kwa mafolda: Zilipendwa, Bolingo, Injili, Kisukuma, Benga, Taarabu, Bongo, Singeli. Nilikuwa nimesimama hapo nikisubiri zamu yangu alipofika mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa aliyekuwa akirudi Ukerewe, mwenye redio ndogo ya flashi ndani ya mkoba.

"Shikamoo, mama. Nikuwekee za aina gani?"

"Marahaba, mwanangu. Niwekee nzuri."

Kijana akacheka, kwa kuwa jibu hilo bila shaka hulisikia kila siku, na akaanza kumpitisha folda kwa folda. Hapo yule mama, ambaye hakuwa na masharti hata kidogo kuhusu aina, akageuka kuwa mkali. Kwenye taarabu alitaka Khadija Kopa, na hao wengine waachwe walipo. Kwenye injili alitaka kwaya ya AIC Makongoro, ya Mwanza hapahapa, kabla ya kwaya yoyote ya Dar es Salaam. Kwenye Kisukuma alimtaja Bhudagala na akaomba zile ndefu. Kwenye Bongo Fleva alisema awekewe za Ali Kiba, na mwanawe wa kiume atajiwekea za Diamond kwa fedha yake mwenyewe. Folda ya Zilipendwa ilipofunguliwa aliinama mwenyewe kwenye kioo, akaanza kuchagua mojamoja kwa kidole, na sisi wengine kwenye foleni tukaelewa kwamba tutachelewa.

Mtaalamu wa masoko angemweka mama huyo katika kundi gani?

Taarabu inahitaji maneno yake ya pekee, kwa kuwa humo shabiki hutoka kwenye kiti akawa sehemu ya onyesho. Wasomaji wenye umri wangu wanakumbuka miaka ya 1990, vikundi vya TOT na Muungano vilipokuwa vikijibizana kwa mipasho, Khadija Kopa huku na Nasma Khamis kule, na kila kanda mpya ilisikilizwa kama barua iliyotumwa kwa mtu fulani mtaani. Katika kutunza, anayepeleka noti kwa mwimbaji hapeleki kwa sababu wimbo ni mzuri tu. Huangalia ubeti. Mwanamke hukaa ametulia wakati wa beti mbili za mwanzo, kisha linapofika neno analolitaka husimama, hujifunga khanga upya, huizungusha noti hewani ili aliyekusudiwa aione, na hupita kwa madaha mbele ya meza fulani ambayo si njia ya karibu ya kwenda jukwaani. Ukumbi mzima huelewa kilichosemwa, na hakuna aliyefungua kinywa isipokuwa mwimbaji. Nimeshuhudia harusi moja ya Nyakato ambako shangazi wawili walitunzana kwa hasira mpaka bendi ikaomba ipumzike.

Benga, muziki wa gita wa Wajaluo, ndiyo inayoisumbua hoja yangu, na ni haki niiseme. Katika ukanda huu wa ziwa, kuanzia Musoma kupanda hadi Kisumu, jina linalosimama juu ya mengine ni la D.O. Misiani, na katika maisha yangu sijamkuta shabiki wa benga anayempinga kwa kumwinua mwingine. Misiani alizaliwa mwaka 1940 Shirati, upande wetu wa mpaka, akajengea jina lake Kenya, na bendi yake ya Shirati Jazz ikalibeba jina la kijiji hicho hadi mbali. Mafumbo ya nyimbo zake yaliwaudhi wakubwa wa Kenya zaidi ya mara moja, na yalipowaudhi hawakusita kumkumbusha kwamba yeye ni mgeni kutoka Tanzania. Alifariki kwa ajali ya barabarani Kisumu mwezi Mei 2006. Nikiwauliza wavuvi wa makambi ya dagaa, ambao usiku huwa na spika ndogo mtumbwini pamoja na taa, upande uko wapi katika muziki huu, hunijibu bila kufikiri kwamba upande ni mpaka wenyewe. Mkenya atakwambia Misiani ni wao kwa kuwa aliimba kwao na kufia kwao. Mtu wa Rorya atakuonyesha Shirati ilipo. Hoja yangu basi imeyumba kidogo ila haijaanguka.

Katika Bongo Fleva mambo yamechukua sura nisiyoipenda. Ugomvi wa Team Kiba na Team Diamond ni mtoto halali wa Bagika na Bagalu, na inachekesha kwamba wanaogombaniwa wote wawili wana asili ya Kigoma, si Usukuma wala Pwani. Kinachonisikitisha ni aina ya hoja. Nikikaa na vijana wa bodaboda pale Mkuyuni nasikia idadi ya watazamaji wa YouTube, nasikia nani ameingia namba moja na kwa saa ngapi, nasikia magari na nyumba. Diamond alipotimiza watazamaji bilioni moja mwaka 2020 ilikuwa ni habari kubwa kwa haki yake, lakini mtu anaweza kuitetea namba hiyo kuanzia asubuhi hadi usiku bila kusikiliza hata wimbo mmoja hadi mwisho. Bagalu nao huhesabu watu, ndiyo, ila anayehesabiwa uwanjani amesimama hapo juani na anaweza kuondoka wakati wowote. Namba ya mtandaoni haiwezi kukimbilia kwa jirani katikati ya wimbo.

Kwa bahati nzuri, vijana haohao hubadilika anapotajwa rapa Fid Q. Huyu ni mtoto wa Mwanza, na hapa ndipo nilipowasikia wakinukuu mistari mizima, wakisimamishana katikati na kurekebishana neno, wakibishana juu ya maana ya fumbo fulani kama ambavyo mafundi wangu walivyobishana juu ya tarumbeta. Hakuna aliyemtaja mtazamaji hata mmoja.

Jambo jingine lililonipa moyo lilitokea mwaka 2016, Diamond na Rayvanny walipouchukua wimbo wa Saida Karoli, mwimbaji wa Kihaya kutoka Kagera, ng'ambo ya ziwa, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikuwa akisikika katika kila basi na kila kivuko huku kwetu. Ghafla watoto wa shule walikuwa wakiuimba ndani ya daladala bila kujua ulikotoka. Nyumbani kwetu mjadala ulikuwa mkubwa, kwa kuwa mama mdogo alishikilia kwamba wimbo umeibwa utamu wake na dada yake aliyemfuata akashikilia kwamba umefufuliwa. Ubishi wao ulimlazimisha binamu yangu wa miaka kumi na kitu kuutafuta wimbo wa awali na kuusikiliza kwa makini kuanzia mwanzo hadi mwisho ili aweze kuchangia. Aliamua kwamba ngoma za ule wa zamani ni bora. Akaanza kumtafuta Saida Karoli kwenye folda za wanaorusha nyimbo, kisha kutoka kwa Saida akafika kwenye enanga, zeze la Kihaya, na sasa ana mwimbaji wa enanga anayemtetea mbele ya watu wasiomfahamu kabisa.

Nimeiacha kwaya mwisho kwa kuwa ndiko ninakoshiriki mwenyewe, nikiimba sauti ya nne, na kwa kuwa ndiko ambako hakuna anayekiri kuwa na upande. Tunaimba kwa utukufu wa Mungu, na hilo ni kweli. Lakini makanisa mengi huandaa mashindano ya uimbaji ambamo upo wimbo wa lazima, mmoja kwa kwaya zote, na hakuna kipimo cha sikio kikali kuliko hicho. Ukisikia wimbo uleule kwaya baada ya kwaya katika mchana mmoja, hata mzee asiyejua nota ataweza kukwambia ni nani aliyeharakisha pale pa kutulia, ni nani ambaye sauti yake ya pili ilimezwa, na ni mwalimu gani aliyeongeza madoido ambayo mtunzi hakuyaandika. Washabiki wa kwaya huja na vitambaa vya rangi ya sare, huketi kwa makundi, na wimbo wa wapinzani ukiisha hupiga makofi ya heshima yanayokoma mapema kidogo. Katika basi la kurudi nyumbani uchambuzi hufanyika kwa ukali ambao haungekubalika hata kwenye kibaraza cha mafundi cherehani, isipokuwa kwamba kila hukumu huanza kwa maneno "Bwana asifiwe".

Wimbo wa lazima wa mwaka huu una sehemu moja ngumu ya sauti ya tatu, ukurasa wa pili, ambapo wanaume hupanda peke yao huku wengine wote wamenyamaza. Mwenyekiti wetu ametukumbusha kwamba sisi hatushindani na mtu. Ametuambia pia kwamba kwaya ya mtaa wa jirani imeshaanza mazoezi ya ukurasa huo, kila Jumanne na Alhamisi, na kwamba kuanzia wiki ijayo sisi tutakutana Jumatatu, Jumatano na Ijumaa.